Gungrave: niendelee nayo au nifute kwenye flashi?

Mwisho_wa_Reli

Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa Mwanga, Kigoma, anajaza muvi kwenye flashi, juzi nikamwambia niwekee anime (katuni za Kijapani) ya majambazi, ya watu wazima, sitaki zile za wanafunzi wanalialia darasani, akaniwekea Gungrave episodi zote 26 na akaapa kabisa kwamba ni kali. Jana usiku nimeanza ya kwanza aisee sijaambulia kitu. Kuna binti anakimbia, kuna daktari mzee, halafu kuna jitu limefufuliwa lina bastola mbili kubwa mpaka unajiuliza linazinyanyuaje, na mgongoni limebeba jeneza, haliongei, linamwaga tu risasi kwa watu ambao nao ukiwapiga hawafi. Nimeagiza majambazi nimeletewa mizimu! Umeme ukakatika haijaisha na wala sikuumia.

Sasa flashi imejaa na nataka nafasi ya picha za harusi ya dada yangu. Mlioiona yote, uzuri wake uko wapi na ubaya wake uko wapi? Ila msinimalizie stori.

Bajaji_ya_Ujiji

USIFUTE mkuu. Hiyo episodi ya kwanza imefukuza watu wengi sana, we iruke anzia ya pili, utadhani umebadilishiwa flashi.

Iko hivi, hii kitu ilianza kama gemu la PlayStation 2 mwaka 2002, michoro ya wahusika kachora Yasuhiro Nightow, yule mchoraji wa katuni ya Trigun. Mi nililicheza zamani kwenye banda, ni kutembea na kupiga risasi kila kinachosogea, vioo, viti, watu, basi, ukikaza unalimaliza jioni moja na hujui ulikuwa unagombana na nani. Studio ya Madhouse walipolifanya anime 2003 wakajiuliza kitu ambacho gemu halikuhangaika nacho, huyu maiti kabla hajafa alikuwa nani? Ndo hapo utamu ulipo. Unarudishwa nyuma miaka mingi unakuta vijana wa kijiwe, Brandon na Harry, hawana mbele wala nyuma, wanaiba iba, wanapigana na vijana wenzao, baadaye wanaingia kwenye genge kubwa linaitwa Millennion. Harry ndo mwenye mdomo, ana ndoto za kushika mji mzima. Brandon we muulize chochote atakuitikia "mm" kisha anaangalia pembeni. Hata kwa Maria, msichana anayempenda, anakaa kimya hivyo hivyo na wewe unabaki unagombana na skrini, sema basi bana!

Na wanazeeka. Hicho ndo kilichonimaliza. Nguo zinabadilika, ofisi zinabadilika, sura ya Harry inazidi kuwa ngumu kila akipanda ngazi, na wewe ulimjua akiwa hana hata hela ya kula.

Binti_Isevya

Nawasalimu kutoka Tabora. Bajaji nakubaliana na wewe nusu. Mwambie mwenzio na ubaya, sio unamsifia bwana harusi tu.

Kuanzia katikati gemu linarudi kudai chake. Brandon anakuwa Grave, lile jitu lililofufuliwa, na mabosi, yaani wale maadui wakubwa wa kila steji ya gemu, wanaanza kuja mmoja mmoja, huyu kaisha leta mwingine, huyo kaisha leta mwingine, unaona kabisa hizi zilikuwa steji. Stori iliyokuwa inahusu tamaa na urafiki inageuka ya majitu yaliyodungwa madawa. Bob kwa mfano, zamani alikuwa mtu mwenye kazi yake ndani ya genge, huku mwishoni sikuona cha maana alichofanya zaidi ya unene.

Lakini niwe mkweli, wawili waliniliza. Bear Walken, mmoja wa wazee wa genge, kwa sababu binti yake Sherry kaolewa na Harry, kwa hiyo mzee hapigani tu, anamlinda mkwe. Na Bunji ambaye Brandon alikuwa kama kaka yake. Hapo bosi wa gemu kageuzwa binadamu. Wangefanya hivyo kwa wote ningewapigia magoti.

Halafu wanawake jamani! Maria kazi yake kusubiri, Mika, yule binti anayekimbia episodi ya kwanza, kazi yake kulindwa.

Mwisho_wa_Reli

Dada NIMESEMA MSINIMALIZIE. Sasa Bear na Bunji nishajua watapigana nae 😭

Binti_Isevya

Pole mdogo wangu, hiyo ni robo tu.

Mzee_wa_Migebuka

Vijana mimi nina umri wa baba zenu na hizi nazitazama na wajukuu, kwa hiyo msishangae. Msimwambie aruke ya kwanza. Airudie akishafika katikati, ataona kila alichokidharau kina maana, hata ule ukimya wa jitu.

Ubaya mnaousema upo, ila mmesahau mmoja. Risasi zenyewe hazina msisimko. Grave anasimama katikati anapiga, hakwepi, hajifichi, na unajua hafi, sasa roho ikudunde ya nini? Kwenye gemu ni raha maana kidole ni chako, ila kutazama tu inachosha. Nilishikwa zaidi na vikao vya mezani, wazee wa Millennion wamekaa kimya, na sheria yao ni moja, anayeisaliti familia anakufa. Wote wanaijua. Unabaki unawahesabu nani ataivunja kwanza. Muziki nao wa Tsuneo Imahori, gitaa lake linakuja polepole mtu akiwa anawaza, mpaka mjukuu alinyamaza.

Lawama yangu nyingine, ni genge kubwa lakini hela zinaingiaje hatuoneshwi vizuri. Sisi wafanyabiashara tunapenda kujua.

Bajaji_ya_Ujiji

Hahaha mzee anataka kuona daftari la mauzo la Millennion

Mwisho_wa_Reli

Shikamoo mzee. Nimerudi wakuu. Nilianzia ya pili kama nilivyoambiwa, jana nimelala saa tisa. Wale vijana wa kijiwe nilidhani watakwenda nao wote mpaka mwisho, kumbe!! Na Harry simwamini hata akicheka, sijui kwanini. Picha za harusi nimehamishia kwenye simu ya shemeji, dada kanuna.

Kuna mwenye chaji ya kutosha hapa Katubuka anikopeshe pawabenki? Umeme umekata tena.