Mandhari za filamu na sura ya majengo ya Los Angeles

Swali

Ndugu wanajukwaa, katika kusoma kuhusu Los Angeles ya miaka ya 1920, nimeshangazwa na wingi wa kumbi, maduka na nyumba zilizovishwa sura ya Misri, China au vijiji vya ngano za Ulaya. Je, chanzo chake ni mandhari zilizojengwa kwa ajili ya filamu, au Hollywood nayo ilifuata tu mtindo uliokuwapo?

Jibu la kwanza

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mafundi wenyewe. Harry Oliver, aliyekuwa mbunifu wa mandhari za filamu, ndiye aliyechora nyumba iitwayo Spadena House, iliyojengwa Culver City mwaka 1921 iwe ofisi ya studio, kisha ikahamishiwa Beverly Hills na kuwa makazi. Itazame kwa karibu: paa lina ncha kali na limepindishwa makusudi, madirisha ni madogo na yamekaa mshazari, na kuta zimepakwa zionekane zimechakaa tangu siku ya kwanza. Hizo ni mbinu za kuihadaa kamera, ila hapa zimetumika kwenye nyumba ya kukaliwa na watu. Oliver huyohuyo alibuni maduka ya mikate ya Van de Kamp's yenye umbo la kinu cha upepo, ambayo dereva aliyatambua kutoka mbali.

Jibu la pili

Nakubaliana nawe, lakini tusiipe filamu sifa zote. Maonyesho ya San Diego ya mwaka 1915 yalikwisha kuwazoesha wakazi wa kusini mwa California majengo ya Kihispania yaliyonakshiwa kwa plasta. Kuhusu Misri, wengi hudhani ukumbi wa sinema wa Grauman's Egyptian ulitokana na kaburi la Tutankhamun, mfalme wa kale wa Misri, ilhali ulifunguliwa Oktoba 1922, na kaburi likagunduliwa Novemba.

Muuliza swali

Ahsanteni. Je, kuna mandhari ya filamu iliyogeuka jengo moja kwa moja?

Jibu la kwanza

Ipo, ingawa ilichelewa mno. Kuta za Babeli alizojenga D. W. Griffith kwa filamu yake ya mwaka 1916 zilibaki Sunset Boulevard kwa miaka kadhaa, kisha zikabomolewa. Mwaka 2001 jengo la maduka la Hollywood & Highland lilifunguliwa likiwa na lango na tembo wa kuigwa kutoka kwenye mandhari hiyo, na katika ukarabati wa miaka ya karibuni tembo hao wakaondolewa.