Fundi wa vibao kanichorea pweza mwenye VIWIKO!!!

SupuMoto: Jamani niacheni niseme kabla sijapasuka. Jina silitaji, mnamjua nyote, kuanzia Likoni hadi Kongowea. Nilimtaka anichoree pweza kwenye mkokoteni wangu wa supu, katuni ya kizamani, kifua kimetuna, masharubu juu, ananyanyua vyuma. Basi! Kanipa pweza mwenye viwiko. Na magoti! Pweza hana mfupa hata mmoja, kila mnyiri ni misuli mitupu, ndiyo nguvu yake hiyo, sasa kiwiko kimetoka wapi? Tena minyiri sita, na mtoto wa chekechea ajua ni minane.

Hayo ningeyameza. Lakini leo magharibi namuuliza, wateja wamesimama na vikombe mkononi, ananijibu: "Wewe uza supu. Nani anahesabu?" Nani anahesabu! Mbele ya watu waliokuja kutafuta nguvu! Mzee mmoja alicheka hadi supu ikamtokea puani. Pweza ana mioyo mitatu, huyu fundi hana hata mmoja. Mpeni Fort Jesus aipake rangi, kesho mtaikuta ina magurudumu. Uza supu, ati. Nani anahesabu, ati!

MvuviShimoni: Pole kaka. Ila sita yawezekana. Samaki mkunga akimng'ata pweza, mnyiri hukatika kisha ukaota tena. Viwiko ndivyo sijapata kuviona.

SupuMoto: Sikumlipa anichoree mgonjwa!

KondaWaBuxton: Weka picha.

BintiMajengo: Supu yenyewe ina pweza kweli? Maana mara ya mwisho nilikunywa pilipili na ndimu, kinyama kimoja kama kifungo cha shati.

SupuMoto: Tunazungumzia mchoro! Mbele ya wateja wangu!

Kadzo_K: Wewe afadhali. Kinyozi wa huku kwetu kachorewa mchezaji mpira ukutani, mama mkwe wangu akauliza huyo marehemu ni nani.

KondaWaBuxton: Vinyozi msinikumbushe. Wangu alininyoa upande mmoja, mashine ikafa, akataka pesa kamili.

Kadzo_K: Ukalipa?

KondaWaBuxton: Ningetokaje na nusu kichwa? Aliusimamia mlango.

BintiMajengo: Ni yule wa karibu na soko, mwenye redio kubwa? Huyo alimkata mdogo wangu sikio wiki ya Idi!

MvuviShimoni: Redio ile ni yangu. Nilimwazima, hajanirudishia.