Wabunge 117 waliotaka kumng'oa Theresa May: walikuwa sahihi?

Mleta mada

Wakuu, nataka tujadili usiku wa tarehe 12 Desemba 2018, pale wabunge wa chama cha Conservative cha Uingereza walipopiga kura ya siri kuamua kama Theresa May aendelee kuwa kiongozi wao, na kwa hiyo waziri mkuu wa nchi. Kura 200 zilimtaka abaki, 117 zilimtaka aondoke. Swali langu ni moja: wale 117 walikuwa sahihi? Mimi nasema hapana. Anayepinga aje na hoja.

Kwa wasiokumbuka yaliyotangulia: Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni, asilimia 51.9 wakataka nchi ijitoe Umoja wa Ulaya. David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, aliyeiitisha kura hiyo akitegemea watu watachagua kubaki, akajiuzulu. May akaingia Julai bila hata wanachama wa chama chake kupiga kura, kwa sababu mshindani wake wa mwisho, Andrea Leadsom, alijitoa njiani. Mwaka uliofuata akaitisha uchaguzi ili aongeze viti, akaishia kuvipoteza. Alibaki na wabunge 317 kati ya 650, ikabidi ategemee wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini kinachotaka eneo hilo libaki sehemu ya Uingereza. Namba hizo mzishike. Kwa maoni yangu ndizo zilizomfunga mikono kuliko udhaifu wowote wa kwake binafsi.

Novemba 2018 alileta mkataba wa kujitoa wenye kurasa 585. Yote yaliyobishaniwa ndani ya chama chake yalikusanyika kwenye mpaka mmoja, ule kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, wa kilomita kama 500. Mpaka huo hauna geti. Unapita katikati ya mashamba na barabara za vijijini. Mtu analala Derry, upande wa Kaskazini, na kufanya kazi Donegal, upande wa Jamhuri. Maziwa mengi yanayokamuliwa upande wa Kaskazini yanavushwa kwenda kusindikwa kwenye viwanda vya Jamhuri. Zamani palikuwa na wanajeshi na minara ya ulinzi, na watu kama 3,500 walikufa kwenye machafuko ya Ireland ya Kaskazini kabla ya mapatano ya amani ya Ijumaa Kuu ya 1998. Hakuna mwenye akili timamu aliyetaka vizuizi vya forodha virudi pale. Ndiyo maana mkataba ukawekewa kipengele cha dhamana: pande mbili zikishindwa kuelewana kuhusu biashara, Uingereza yote ibaki ndani ya eneo moja la forodha na Ulaya mpaka suluhisho lipatikane. Na isingeweza kutoka humo kwa uamuzi wake peke yake. Hapo ndipo watetezi wakali wa Brexit, yaani huko kujitoa Ulaya, walipowaka moto ndani ya chama.

Sasa tazameni jinsi kura yenyewe ilivyokuja. Kanuni za chama zilisema asilimia 15 ya wabunge wakimwandikia barua mwenyekiti wa Kamati ya 1922, kamati ya wabunge wa kawaida wa chama hicho, wakati huo Graham Brady, kura ya imani inaitishwa. Zilihitajika barua 48. Desemba 11 May alikuwa barabarani kutwa: The Hague, Berlin, Brussels. Pale Berlin mlango wa gari lake uligoma kufunguka huku Angela Merkel amesimama nje akimsubiri. Alichokuwa akikitafuta huko ni maneno ya kulegeza kipengele kilekile walichokuwa wakikilalamikia. Barua zikatimia, na kesho yake, siku aliyopangiwa kwenda Dublin kuonana na serikali ya Ireland, ikabidi aivunje safari abaki London kujitetea mbele ya wenzake. Unamtuma mtu akakuletee nafuu, kisha unamvuta kanzu akiwa mlangoni. Hilo siwezi kuliita uzalendo.

Hoja yangu kubwa ni kwamba wale 117 hawakuwa na mpango mwingine wenye kura za kutosha bungeni. Walikuwa na hasira, na hasira nyingine ilikuwa halali kabisa. Lakini kumtoa May kusingeongeza hata mbunge mmoja, wala kusingeusogeza mpaka. Jacob Rees-Mogg, mmoja wa vinara wa wabunge hao wa Brexit, aliwasilisha barua yake hadharani Novemba 15, Boris Johnson alikuwa ameshajiuzulu uwaziri wa mambo ya nje Julai kwa kuupinga mwelekeo wa May. Haya, Machi 29, 2019 mkataba uleule, wenye kipengele kilekile, ulipoletwa bungeni mara ya tatu, wote wawili waliupigia kura ya ndiyo. Kama ulikuwa mbaya kiasi cha kumng'oa waziri mkuu Desemba, kwa nini ukawa wa kupitishwa Machi?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mkuu, nimekusoma vizuri lakini sikubaliani nawe.

Kwanza umeruka jambo. Siku mbili kabla ya kura ya imani, May aliahirisha kura ya bunge kuhusu mkataba wake kwa sababu alijua atashindwa. Na wiki moja kabla ya hapo bunge lilikuwa limeitia serikali yake hatiani kwa kulidharau, kura 311 kwa 293, kwa kuficha ushauri wa kisheria wa mwanasheria mkuu, Geoffrey Cox. Ushauri ulipotolewa ukaonyesha wazi kwamba ile dhamana ingeweza kudumu bila kikomo. Mbunge aliyewaahidi wapiga kura wake kwamba nchi itatoka Ulaya alitakiwa afanye nini? Apige makofi?

Pili, historia iliwapa haki wale 117. Johnson alichukua uongozi Julai 2019. Kufika Oktoba alikuwa na mkataba mpya usio na dhamana ile, ambayo Ulaya walikuwa wameapa hawaigusi. Na bunge lilelile la May, lenye wabunge walewale waliomkataa yeye, likaupitisha muswada wa Johnson katika hatua ya kusomwa mara ya pili, Oktoba 22, kwa kura 329 dhidi ya 299. Kwa hiyo usituambie kubadilisha kiongozi kusingebadili kitu. Kulibadili. Mwaka mmoja kamili baada ya kura ile, Desemba 12, 2019, Johnson alishinda uchaguzi kwa viti 365. Januari 31, 2020 wakatoka.

Kama wale 117 wangefikia 159, yaani zaidi ya nusu ya kura, nchi ingeokoa miezi saba ya kurudi bungeni na mkataba uleule.

Na kuhusu haki ya mchezo: siku ya kura, wabunge wawili waliokuwa wamesimamishwa na chama kwa tuhuma nzito walirudishwa kundini saa chache kabla, ili waweze kupiga kura. Upande wa May haukuwa wa malaika.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Naongeza kidogo kwa mleta mada, ingawa simuungi mkono moja kwa moja. Namba 200 kwa 117 inatafsiriwa kama ushindi, na kwa kanuni ulikuwa ushindi. Lakini Margaret Thatcher, waziri mkuu wa chama hichohicho, mwaka 1990 alipata 204 dhidi ya 152 za mpinzani wake Michael Heseltine. Alimzidi, ila zilipungua kura nne tu kufikia kiwango ambacho kanuni za wakati ule zilidai. Mawaziri wake wakamwendea mmoja mmoja kumwambia imekwisha. Akaondoka. May mwenyewe, kabla kura haijaanza, ilibidi aahidi mbele ya wabunge kwamba hatawaongoza kwenye uchaguzi uliotarajiwa 2022. Kiongozi akishatangaza mwisho wake, kila mwenye tamaa anaanza kampeni. Mimi naona kosa lilikuwa kanuni ile ya kumkinga mwaka mzima baada ya kushinda: theluthi ya chama imemkataa, na hakuna njia rasmi ya kurudia. Walimwacha na ofisi bila nguvu.

Mleta mada

Ndugu wa Mombasa, hoja ya Oktoba 22 ndiyo niliyokuwa naingoja, na ni nzito. Lakini tuutazame huo mkataba wa Johnson ulikuwa na nini ndani.

Johnson aliiondoa dhamana kwa kuweka mpaka wa forodha baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza. Bidhaa inayotoka Liverpool kwenda Belfast ikawa inakaguliwa na kuandikiwa makaratasi, ndani ya nchi moja. Februari 2018 May alikuwa amesema bungeni kwamba hakuna waziri mkuu wa Uingereza atakayekubali kitu hicho. Na Johnson huyohuyo, Novemba 2018, alikwenda Belfast kwenye mkutano wa DUP akawaambia hakuna serikali ya Conservative inayoweza kutia saini mpango wa namna hiyo. Wakamshangilia. Hata mwaka haukuisha akaukubali.

Kwa hiyo kilichobadilika ni nani aliyetolewa kafara. May alikuwa anawategemea DUP ili serikali isianguke. Januari 16, 2019, Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani, alipoleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali, iliokoka kwa kura 325 dhidi ya 306. Wabunge 10 wa DUP wangehamia upande wa pili, serikali ingeanguka kwa kura moja. Asingeweza kuwatosa na kubaki madarakani. Johnson, ambaye wingi wake wa kura bungeni ulikuwa umeshapotea, aliwatosa, akaenda kwenye uchaguzi. Uchaguzi ndio uliofungua mlango. Muswada wake wa Oktoba ulipita hatua moja tu, na usiku uleule wabunge wakaikataa ratiba yake, 322 kwa 308, ukasimama.

Na gharama yake haikulipwa London. Februari 2022 DUP walijiondoa kwenye serikali ya pamoja ya Ireland ya Kaskazini kwa sababu ya mpaka huo wa baharini. Serikali haikurudi kazini mpaka Februari 2024. Miaka miwili watu wa Belfast na Derry, wenye hospitali zao na shule zao, wamekaa bila serikali kamili. Unaposema nchi ingeokoa miezi saba, nchi ipi?

Nakubali kuhusu ushauri wa Cox. Kuuficha lilikuwa kosa kubwa, na bunge lilifanya sawa kuiadhibu serikali. Na wewe wa Dodoma, kanuni ya mwaka mzima kweli ilikuwa mbovu. Lakini angalia ilivyomsaidia Johnson baadaye: Juni 6, 2022 alishinda kura ya imani 211 kwa 148, akawa na kinga ileile, na mwezi mmoja baadaye mawaziri walivyojiuzulu kwa makundi kinga ikawa haina kazi. Thatcher kwa mawaziri wake, Johnson kwa mawaziri wake. Kanuni hazimlindi mtu aliyeachwa na baraza lake.

Mchangiaji aliyeko Reading, Uingereza

Dada yenu niko huku, mmoja wa wale ambao maisha yao yalikuwa kwenye hizo kurasa 585, maana mume wangu ni Mreno. Kwa familia kama yetu swali la kipindi kile lilikuwa: Machi 29, tarehe iliyopangwa ya kujitoa, ikifika bila mkataba, mume wangu ana haki gani? Mkataba wa May ulikuwa na jibu. Haki za raia wa Ulaya waliokuwa tayari wanaishi huku ziliandikwa humo. Kila jioni televisheni ilikuwa na hesabu za barua za Brady, mbunge gani kaandika na nani bado, na hakuna aliyekuwa anatutaja. Jikoni kwetu tulizungumzia kuhamia Lisbon na watoto.

Kwa hiyo niko upande wa mleta mada, lakini naona nyote mnakwepa jambo moja. Wale 117 wangeshinda, nani angemchagua waziri mkuu mpya? Wabunge wangebakiza majina mawili, kisha wanachama wa chama wangeamua. Ndivyo ilivyofanyika 2019: Johnson alipata kura 92,153, Jeremy Hunt 46,656. Wanachama hawakufika hata 160,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 66. Na 2022 njia hiyohiyo ikamleta Liz Truss kwa kura 81,326, akakaa siku 49. Mbunge wangu ana haki ya kuiangusha serikali bungeni, mchana, jina lake likaandikwa. Lakini kura ya siri kwenye chumba namba 14 cha kamati, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, inayoishia kwa wanachama wanaolipa ada, mimi mpiga kura wa Reading naingilia wapi?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Dada, pole kwa hofu mliyoipitia, na hilo la haki za familia sikulipa uzito. Lakini huko kwenu ndivyo mfumo ulivyo: mnachagua mbunge, chama chenye viti vingi kinatoa kiongozi. May mwenyewe aliingia 2016 bila hata hao wanachama kuulizwa. Ukikataa chama kisimwondoe kiongozi wake, ukatae pia kisimwingize.

Mleta mada

Hapo umesema kweli, na dada wa Reading atujibu: angependa uchaguzi mkuu uitishwe kila waziri mkuu anapobadilishwa? Mimi naegemea huko.

Lakini narudi kwenye swali. Januari 15, 2019 mkataba ulianguka kwa 432 dhidi ya 202, na Conservative 118 walikuwa miongoni mwa waliokataa, karibu idadi ileile ya Desemba. Machi 29 waliokataa upande huo walibaki 34, na ukashindwa kwa kura 58. Anayewatetea wale 117 anieleze ni nini kilibadilika ndani ya zile kurasa kati ya Januari na Machi kikawafanya wengi wao wageuke, zaidi ya ahadi aliyoitoa May Machi 27 kwamba ukipita atang'atuka.