ULE WA TAI NYEKUNDU ANISIKIE: BEGA LANGU SI LA KUPANGUSWA!!!

Mzaliwa_Kamalondo:

Naandika mikono bado inatetemeka, herufi zikikosewa mumlaumu yeye. Munamjua. Jina sitaji. Ule wa tai nyekundu, anayeivaa hata mwezi wa 10 wakati jua la Lubumbashi linayeyusha lami. Ule anayesemaga Kiingereza hata na mbuzi wa jirani, alikaaga Ndola kidogo kwa shemeji zake akarudi anajiona mjukuu wa malkia. Njo huyo huyo.

Leo asubuhi, depo ya mawe, njia ya Likasi. Patroni wangu amepokea mgeni Mzambia anayetaka malakite, yale mawe ya kijani ya shaba. Mkataba uko kwa Kiingereza, na mtafsiri wa pale ni mimi, siku zote ni mimi, hakuna aliyewahi kulalamika. Nikafika kwenye mstari unaosema "Fines: max 10%". Nikamwambia patroni: "Patroni, hapa wanasema faini isizidi asilimia 10." Nani hapa hajui kwamba "fine" ni faini, amande? Neno lenyewe Waswahili wamelitoa kwao!

Patroni akasimama. "Amande ya nini? Nimemkosea nani? Nauza mawe au naenda kwa juji?" Akaamuru chai ya mgeni irudishwe kwenye thermos. Mgeni kikombe kiko mdomoni.

Hapo ule bwana, ambaye hakuna aliyemwita, amekuja kuomba chaji ya simu tu, akacheka. Akacheka mpaka kamio iliyolala uani tangu mwaka jana ikataka kuwaka. Halafu akanikaribia polepole, akanipangusa bega. Kwa vidole viwili! Akasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mzee, fines ni vumbi la mawe. Kama hili." Halafu akapuliza vidole.

AKAPULIZA.

Mimi ni baba wa watu. Koti lile ni la harusi. Mama wa vitumbua alicheka mpaka kitumbua kikaanguka kwenye makaa, na kwa hasara hiyo bado alikuwa anacheka. Tangu saa hiyo hakuna anayeniita jina langu. "Vumbi, leta karatasi." "Vumbi, funga mlango." Hata ule Mzambia, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, amepanda gari akanipungia: "Bye bye, Vumbi."

Na nilisema kweli! Vumbi likizidi ile asilimia 10, si wanakukata pesa? Kukatwa pesa si amande? Basi kosa langu liko wapi? Vidole viwili, jamani. Angetumia mkono mzima ningesamehe.

Tantine_Kenya:

Pole sana Vumbi 😂😂😂

Mzaliwa_Kamalondo:

Tantine, nakuheshimu. Usianze.

Deklaran_Mpakani:

Ule wa tai nyekundu mimi namjua, alishanisahihisha nikiwa nasali. Lakini yaya, hapa amekushinda. Sisi wa Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, neno hilo tunakutana nalo kwenye karatasi kila siku. Ni zile chembe ndogo zinazopita kwenye chekecheke mawe yakivunjwa. Mnunuzi hazitaki nyingi kwa sababu njiani upepo unazibeba, na kuna matanuru ukiyajaza unga hewa haipiti, moto unasongwa. Njo maana wanaandika kiasi.

Ila usilie peke yako. Mimi upande wa pili wa mpaka polisi alinisimamisha akasema: "There is a fine." Nikamjibu kwa adabu: "I am also fine." Akaongeza kiasi.

Mzaliwa_Kamalondo:

Unaona! Kwako ni amande, kwangu ni vumbi, siku moja, barabara moja! Mimi ningejuaje? Na wewe polisi hakukupuliza.

Papa_Pansioni:

Batoto, mugombane na Kilatini, si na mtu wa tai. Neno ni "finis", mwisho. Kifaransa cha zamani kikafanya "fin", Waingereza wakabeba. Amande iliitwa hivyo kwa sababu ni pesa unayotoa ili kesi iishe. Na kitu kilichotengenezwa mpaka mwisho, hakina tena cha kuongeza, nacho kikaitwa "fine": kizuri, safi. Kutoka hapo kikawa chembamba, laini, kama unga. Sisi tuliosoma kwa mapadri tunajua haya. Mwanangu ungeniuliza mapema nisingekutoza kitu.

Mwana_Ibanda:

Salamu kutoka Bukavu. Huku kwenye dhahabu "fine" ni sifa. Gramu za "fine" ni zile za dhahabu tupu, ukishatoa takataka zote. Soko la London halipokei mche wa dhahabu ulio chini ya sehemu 995 safi katika 1000, na hizo 995 ndizo "fineness" yake. Sasa nyinyi wa kusini munatuambia "fines" ni takataka zenyewe? Muna matatizo huko.

Deklaran_Mpakani:

Herufi moja tu ya mwisho, kaka. Ile s. Inageuza mali kuwa vumbi.

Mzaliwa_Kamalondo:

Kwa hiyo karatasi moja inaweza kuwa na "fine" ya usafi, "fines" za uchafu na "fine" ya kukupokonya pesa, na mimi njo wa kupulizwa? Wapulizwe wao! Mumeona alivyofanya? Kwanza cha shahada, halafu dole gumba. Amebana vumbi la bega langu mbele ya bantu bote kwa mtindo wa mtu anayeonja chumvi.

Tantine_Kenya:

Vumbi umemaliza? Mimi nina msiba mkubwa zaidi. Mchumba wangu anafanya kazi Kitwe, tunaandikiana Kiingereza eti nizoee. Nikamuuliza kama mama yangu anaweza kuja kukaa naye kwa muda tukishaoana. Akajibu neno moja: "Fine." Na nukta. Nikamwambia mama afunge mizigo. Sasa ni wiki nzima haongei, namuuliza kuna nini, ananijibu "I'm fine".

Mwana_Ibanda:

Tantine, ile nukta ndiyo kesi yenyewe. "Fine" yenye nukta ni mlango uliofungwa kwa komeo.

Deklaran_Mpakani:

Na "I'm fine" nayo inategemea. Ukimkaribisha mgeni sukre, soda baridi, akakujibu "I'm fine", amekataa. Mimi nilidhani anasema yuko sawa, yuko tayari, nikafungua chupa. Nikanywa peke yangu mbele yake.

Nzambe_Malamu243:

Kwenye filamu za Wanijeria "fine" ni mrembo. "Fine girl". Tantine, labda amekusifu.

Tantine_Kenya:

Amemsifu mama yangu?

Mgeni_wa_Tanga:

Samahani dada, uko Kenya sehemu gani? Mombasa?

Tantine_Kenya:

Kenya ya Lubumbashi, baba. Ni komini. Tuna soko, tuna stade, bahari hatuna.

Msomi_Huru:

Wote munazungumzia neno dogo. Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set". Maana zake ni mamia. Watu wanakufa hawajazimaliza.

Papa_Pansioni:

Nani amekuuliza?

Mzaliwa_Kamalondo:

Jamani. Bega.

Kadogo_BelAir:

Naomba mzee Vumbi anisamehe niingilie, maana yangu inauma. Patroni wangu wa zamani alichelewesha mshahara. Nikamwandikia. Yeye anapenda kujibu Kiingereza, hata sisi wote tukiwa wa hapa hapa. Akajibu: "You will eventually be paid." Mimi nimesoma Kifaransa, "éventuellement" ni labda, ikitokea. Nikasema huyu mtu ananiambia machoni kwamba labda atanilipa? Nikaacha kazi siku hiyo hiyo. Nikabeba na tairi la akiba la pikapu yake kuwa dhamana.

Deklaran_Mpakani:

Kadogo, hapana! Kwa Kiingereza "eventually" si labda. Ni mwishowe. Alikuwa anakuahidi kwamba mwishowe utalipwa.

Kadogo_BelAir:

Mwishowe lini?

Deklaran_Mpakani:

Hawasemagi.

Tantine_Kenya:

Amekulipa?

Kadogo_BelAir:

Bado.

Papa_Pansioni:

Basi ulitafsiri vizuri.

Msomi_Huru:

Hayo yanaitwa marafiki wa uongo: maneno ya Kifaransa na Kiingereza yanayofanana sura, maana mbalimbali. "Library" si "librairie" ya Kifaransa, mahali pa kuuza vitabu, ni pa kuazima. Na "actually" si "actuellement", sasa hivi, ni kwa kweli. Mtu akikwambia "Actually, I have no money", hakusemi kwamba kesho atakuwa nazo.

Nzambe_Malamu243:

Nimemkopesha mtu kwa sentensi hiyo hiyo 😭

Mzaliwa_Kamalondo:

Mimi nimeanzisha uzi huu kuhusu MTU, si kuhusu kamusi. Kesho atakuja tena kuomba chaji. Nimfanyie nini?

Mwana_Ibanda:

Kadogo, ule patroni wako wa Kiingereza anakaa upande gani? Nina jamaa wa huko alidhulumiwa na mtu wa namna hiyo.

Kadogo_BelAir:

Kampemba. Ana pikapu nyeupe, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya.

Nzambe_Malamu243:

Waya wa kijani?

Kadogo_BelAir:

Ndiyo.

Nzambe_Malamu243:

Huyo ana saruji yangu tangu kiangazi. Aliniambia "soon". Tairi usirudishe, njoo kando tuongee.