Alama za “Kipya katika toleo…” zinakosea tukinakili mabadiliko kati ya matawi: nani aziandike, na lini?

mwandishi_tudor

Assalaam aleikum wenzangu. Kikundi chetu hapa Mombasa kinatunza programu ya kuandaa hati za mizigo kwa mawakala wa forodha. Tunayahudumia matawi (mistari ya programu inayotunzwa sambamba) ya 4.1 na 4.2, ambayo wateja wengi hawataki kuyaacha maadamu yanafanya kazi, pamoja na tawi kuu litakalozaa 5.0. Mwongozo tunauandika kwa Sphinx, chombo cha kutengeneza miongozo, na kila kipengele kipya hupewa alama ya `versionadded`, ambayo msomaji huiona kama “Kipya katika toleo…”.

Shida ni kwamba anayeandika kipengele huweka namba ya toleo analodhani ndilo linalofuata. Kazi yake ikikawia kukaguliwa, toleo hilo hutoka bila kipengele, lakini alama hubaki na namba ileile. Aidha, kipengele kikinakiliwa kutoka tawi kuu hadi 4.2, alama husafiri nacho, na mwongozo wa 4.2 ukaanza kuzungumzia toleo 5.0 ambalo halijatoka. Wakala mmoja wa Changamwe alisoma kwamba chaguo la kupakia orodha nzima ya makontena lipo tangu 4.2.3, akalitumia kwenye 4.2.3 hiyohiyo, naye akajibiwa kwamba chaguo halijulikani. Naomba kujua wenzetu wenye matawi mengi wanalitatuaje jambo hili.

fundi_kisauni

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Namba haifai kuandikwa na mwenye kipengele, kwa kuwa siku anapoandika hana njia ya kuijua. Hakuna wakala anayejaza tarehe halisi ya meli kufunga gatini wakati meli ingali baharini.

Miradi mikubwa ya programu hutumia neno la kushikilia nafasi, linalokaa mahali pa namba hadi ijulikane. Node.js huandika REPLACEME, Rust huandika CURRENT_RUSTC_VERSION, na Python huandika `next`. Namba halisi huingizwa toleo linapoandaliwa. Tahadhari moja: Sphinx yenyewe haioni lolote la pekee katika neno `next`, bali italichapa tu kama lilivyo. Watu wa Python wana nyongeza yao inayolionyesha kuwa toleo ambalo bado halijatolewa, na itawabidi nanyi muwe na kitu cha namna hiyo, hata kikiwa kifupi.

Faida kubwa utaiona kwenye kunakili. Komiti ya asili (rekodi ya mabadiliko katika Git) imebeba neno la kushikilia nafasi, si namba. Kwa hiyo ukiipeleka 4.2 kwa `git cherry-pick`, amri ya kunakili komiti hadi tawi jingine, hata kama tawi kuu limeshatoa toleo lake na namba imeshajazwa huko, kinachofika 4.2 ni lile neno, nalo litajazwa namba ya 4.2 siku yake. Mambo huharibika pale mtu anapofungua ukurasa wa tawi kuu, akanakili aya kwa mkono na kuibandika kwenye tawi la zamani, kwani hapo huchukua namba iliyokwisha kujazwa. Basi kataeni kubandika aya kwa mkono, na skripti ya kutoa toleo igome kuendelea endapo neno hilo limesalia popote katika mwongozo.

msomaji_nyali

Kwa heshima, naona mnajibebesha mzigo. Ikiwa kila tawi lina mwongozo wake, kama PostgreSQL wanavyochapisha mwongozo wa kila toleo kuu peke yake, msomaji wa 4.2 anahitaji alama za nyongeza zilizoingia ndani ya 4.2 tu. Django nao huziondoa alama za matoleo ya zamani. Futeni za kale kwanza, mtaona zilizobaki ni chache.

mwandishi_tudor

Shukran nyote. Kufuta za kale nakubali. Lakini kipengele kimoja kimewekwa katika 4.2 na katika tawi kuu. Je, mwongozo wa 5.0 useme kipo tangu 4.2.7, au tangu 5.0?

fundi_kisauni

Inategemea toleo lipi lilitangulia kutoka. Ikiwa 5.0.0 itatoka na kipengele hicho ndani yake, “tangu 4.2.7” ni kweli kwa kila namba inayofuata, nayo yatosha. Lakini tuseme 5.0.0 imeshatoka bila hicho, kisha kikaingia 5.0.1 na 4.2.7 pamoja. Hapo ukiandika 4.2.7 pekee, mwenye 5.0.0 ataona namba yake ni kubwa zaidi na kuamini kwamba anacho. Kwa hali hiyo Node.js huorodhesha matoleo yote, moja kwa kila tawi, nami naona nanyi mfanye vivyo hivyo bila kuogopa kwamba mstari utarefuka.

Python walikutana na jambo hili kwenye moduli ya `tarfile`. Vichujio vya kufungulia mafaili yaliyofungashwa ya tar viliingia 3.12, kisha vikarudishwa katika matoleo ya zamani kwa sababu za usalama. Mwongozo wao unamshauri msomaji akague kwa `hasattr(tarfile, 'data_filter')`, yaani aulize iwapo kichujio kipo, badala ya kupima namba ya toleo. Kama programu yenu inaweza kuulizwa iwapo chaguo fulani lipo, andikeni ushauri huo kando ya alama.

Kuhusu alama zilizokwisha kukosewa, msitegemee `git tag --contains`. Komiti iliyonakiliwa hupata kitambulisho kipya, kwa hiyo amri hiyo itawaonyesha tegi (alama za matoleo katika Git) zenye komiti ya asili tu, na 4.2 haitatokea. Mkiwa mlinakili kwa `git cherry-pick -x`, ujumbe wa nakala unataja kitambulisho cha asili, na `git log --all --grep` itaipata. Pasipo hilo, tafuteni jina la chaguo lenyewe kwa `git log -S` katika kila tawi, kisha ipeni `git tag --contains` kitambulisho cha nakala mliyoipata.

mwandishi_tudor

Hatukuwa tukitumia `-x`, kwa hiyo itakuwa njia ya `-S`. Nitaanza na chaguo la orodha ya makontena, maana ndilo wanaloliuliza zaidi.