Tupeane uzoefu: kiwanda chenu kilipoanza kuendeshwa kwa kompyuta

Fundi Zamu: Wakuu, leo wamekuja vijana kufunga sensa za mtetemo kwenye mota zetu, nikakumbuka mbali. Mliopitia haya, shusheni.

Mzee wa Kinu: Umenitonesha kidonda. Kinu chetu cha unga kilifungwa PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendesha mashine, mashine zote zikaendeshwa kwenye skrini moja. Swichi za zamani wakazing'oa, eti hazina kazi tena. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, taa nyekundu inawaka, skrini tupu. Betri ya kutunza kumbukumbu ilishakufa kitambo, programu yote imefutika. Nakala? Iko kwenye laptopu ya mkandarasi, naye yuko kwao Ulaya, simu hapokei. Ngano imejaa kwenye rola, tukaichota kwa mikono hadi alfajiri, malori ya wateja yamepanga foleni getini. Bosi anauliza nani kagusa. Hakuna aliyegusa! Iliniuma sana.

Mama Sabuni: Yalitukuta hayo hayo.

Binti Umeme: Pole mzee wangu. Kwa PLC nyingi za zamani, betri hubadilishwa umeme ukiwepo. Ukizima tu, umekwisha.

Kijana wa Data: Tatizo wazee hawataki kubadilika. Stoo kwetu mfumo upo, bado wanajaza leja kwa siri.

Stoo Kuu: Chunga kauli, mdogo wangu. Mfumo unasema beringi zipo, rafuni hakuna hata moja. Mafunzo yenyewe nusu siku, tena kwa Kiingereza!

Wa Bandarini: Mnagombania beringi? Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliangusha mtandao wa Maersk, kampuni ya meli za mizigo ya Denmark, wakafunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva za kutambua watumiaji zilifutika zote, ikapona moja tu ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kule.

Fundi Zamu: Acha! Wakaifikishaje Ulaya?

Wa Bandarini: Intaneti ilikuwa ya kinyonga, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja akapanda ndege hadi Nigeria na diski mkononi, akampokeza mwenzake aliyeipeleka London.

Mama Sabuni: Mimi mashine zangu haziguswi na intaneti, basi.

Binti Umeme: Si lazima mama. Tenganisha tu mtandao wa mashine na wa ofisini.

Kijana wa Data: Na mkandarasi wa Ulaya atakusaidiaje bila intaneti?

Mzee wa Kinu: Kabla hujammalizia pesa yake, akukabidhi programu na nenosiri, uipakie mwenyewe mbele yake. Nakala na betri ya akiba viwe kwenye kabati la fundi wa zamu, sio ofisini kwa bosi.