Faili moja, vituo kibao, na hakuna anayeruhusiwa kujibu: GBS inafanyaje?

mwakapili_IT: Wakuu, naombeni darasa. Nimepewa mada ya GBS (Global Broadcast Service), ule mfumo wa jeshi la Marekani wa kurusha data kwa setilaiti kama matangazo. Inarushwa mara moja, kila mwenye dishi na ufunguo wa kufumbua siri anapokea. Kinachonitatiza: mpokeaji mwenye dishi la kupokea tu hana njia ya kurudisha neno. TCP, ule utaratibu wa mtandao unaotaka mpokeaji athibitishe kila alichopata, bila majibu haiendi. Pakiti, yaani kipande cha data, ikipotea je?

FundiDishi: Mdogo wangu, jeshini sijafanya kazi, mimi ni wa kupanda mapaa na dishi za Ku (bendi ya masafa ya setilaiti). Ila kanuni ni ileile.

Kwanza ujue walikotoka. Vita vya Ghuba 1991, amri ya kila siku ya mashambulizi ya anga ilikuwa mamia ya kurasa. Manowari za kubeba ndege hazikuweza kuipokea kwa mawasiliano ziliyokuwa nayo, ikabidi nakala zipelekwe kwa ndege! Bosnia, 1996, wakajaribu matangazo ya setilaiti, video za Predator, ndege isiyo na rubani, zikiwemo. Mwaka 1998 ikarushwa setilaiti ya UFO 8, ya kwanza kubeba mitambo ya GBS: transponda (mitambo ya kupokea na kurusha upya) 4, kila moja megabiti 24 kwa sekunde.

Sasa swali lako. Hapo hutumii TCP, ni UDP, inayotuma bila kungoja majibu, na dawa ni pakiti za akiba. Chukua pakiti 200 za faili, zipigie hesabu utoe nyingine 40. Mpokeaji akidaka 200 zozote kati ya hizo 240, faili analo zima. Utamu uko hapa: wewe umepoteza ya 7, mimi ya 93, na pakiti moja tu ya akiba inatutibu wote wawili. Kila mtu angedai yake, hata njia ya kurudi ingekuwepo, mrushaji angezimia.

Mvua ikishika kweli akiba haitoshi, na Ka, bendi ya juu zaidi inayotumiwa na GBS, inaumia kwa mvua kuliko Ku yangu. Ndiyo maana faili linazungushwa tena na tena. Kasome taratibu mbili za kurusha faili kwa wengi, kwenye RFC, yaani nyaraka za viwango vya intaneti: FLUTE (RFC 6726, ya 2012, iliyochukua nafasi ya RFC 3926 ya 2004), halafu NORM (RFC 5740, ya 2009). NORM inamruhusu mwenye njia ya kurudi kulalamika, ila kwanza asubiri muda wa kubahatisha. Akisikia mwenzake kashalalamikia pakiti hiyohiyo, ananyamaza.

dada_ruta: Na IGMP, ule ujumbe wa kompyuta kuiambia ruta kwamba inataka matangazo ya kundi fulani? Ruta ya juu, upande wa kurusha, itajuaje nani kajiunga na kundi?

FundiDishi: Haijui, dada. Kundi unalifunga kwa mkono upande wa kurusha, linaruka hata kama hakuna anayesikiliza. IGMP inaishia huku chini, kwenye mtandao wa kambi.

mwakapili_IT: Shukrani kaka. Nimeigiza maabara kwa kompyuta mbili za Linux, waya wa kwenda tu. tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti zinazoingia, inaziona pakiti, programu yangu haipati kitu. Siku ya pili hii.

FundiDishi: Hahaa, hiyo ilinilaza juu ya paa Mtwara. Pakiti inaingia kwa kadi ya dishi, lakini njia ya kumrudia mrushaji haipiti kadi hiyo, basi Linux inaiona ya kughushi na kuitupa. Angalia rp_filter, mpangilio wa Linux unaofanya ukaguzi huo.

mwakapili_IT: Nimeweka 0 kwenye kadi. Bado.

FundiDishi: Na kwenye "all", mpangilio wa kadi zote? Linux inafuata namba kubwa kati ya hizo mbili.

mwakapili_IT: Ilikuwa 1. Faili limeingia!